Ufunguo wa Roketi Ukae kwa Anayepiga Magoti

Mtakaosoma, naomba uvumilivu wenu mapema. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Herufi zangu zinalala upande, na mahali pengine nitakuwa nimeandika neno jinsi ninavyolisikia, si jinsi linavyotakiwa. Tena naandika polepole. Sentensi moja inaweza kunichukua muda wa kuivisha maharage. Kwa hayo mnisamehe. Kwa yale nitakayosema juu ya klabu yetu ya roketi, siombi msamaha.

Ndiyo, hapa Kamina tuna klabu ya roketi. Msifikiri roketi za vita. Ni bomba la karatasi lenye urefu wa mkono, mabawa ya ubao mwembamba chini, pua ya mti mwepesi juu. Ndani mnakaa injini ndogo iliyonunuliwa tayari, inayotoka mbali na kutufikia kwa njia ya Lubumbashi, na mwavuli wa kitambaa unaofunguka roketi ikianza kushuka. Inapanda, inaacha moshi mweupe, inarudi taratibu, watu wanapiga makofi. Ni kitu kizuri sana. Ningekitazama kila siku kama kingekuwa mikononi mwa watu wengine.

Klabu ilianzishwa na kijana ambaye baba yake anauza vipuri vya pikipiki karibu na stesheni. Alijiita Prezida kabla hajapata mwanachama hata mmoja. Aliandikisha neno hilo kwenye fulana, mgongoni, ili hata akikupa mgongo ujue ni nani anayekudharau. Katika mikutano yake mtu hasemi mpaka asimame na kuanza na “Honorabule Prezida”, naye Honorabule anakaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya.

Mimi niliingia kwa sababu ya dada yangu mkubwa, yaya wangu, kama tunavyosema huku. Yeye ni fundi wa kushona. Prezida alikuja kwake akitaka miavuli ya roketi, na yaya akaishona kutoka vitambaa vya miavuli ya mvua iliyovunjika, akaishona vizuri kuliko roketi zenyewe zilivyostahili. Baadaye ikaonekana kwamba hakuna mwingine katika klabu anayeweza kuweka kiwashio. Kiwashio ni waya mwembamba wenye kichwa cheusi kama cha kiberiti. Unakisukuma ndani ya tundu la injini, umeme ukipita kichwa kinawaka, na injini inashika moto. Kinahitaji vidole vitulivu. Vidole vya Prezida vimezoea kunyooshea watu. Kila kiwashio alichokigusa kilivunjika. Basi yaya akawa ndiye anayekwenda mpaka kwenye fimbo inayosimamisha roketi, anapiga magoti, anainama, uso wake karibu kabisa na mahali moto unapotokea.

Lazima niseme vidole hivyo ni vya nani. Baba alikuwa mtu wa reli, na sasa anakaa tu. Mama analima, na shamba linatoa linapotaka. Chakula chetu kinatoka kwenye mashine ya kushona ya yaya, yaani kwenye vidole vyake na macho yake. Akiungua, nyumba nzima imeungua.

Mwanzoni tulikuwa tunawasha kwa betri ya pikipiki na nyaya mbili tupu. Prezida alizishika, moja kila mkono, akipiga kelele “Fe!”, yaani moto, na kuzigusanisha. Yaya akiwa bado amepiga magoti, yeye alikuwa anatembea na nyaya hizo, akisalimia watu, akinyoosha mikono huku na huku. Nilikuwa natazama mikono yake tu. Roketi sikuziona zikipanda, kwa sababu kila mara nilikuwa bado nahesabu vidole vya dada yangu.

Siku moja nyaya zilitoa cheche wakati yaya ndiyo kwanza ameinuka. Hapo hata wanachama wetu walielewa kwamba tunahitaji mtambo wa kweli wa kuwashia. Prezida akaitisha mkutano wa kuchagua, uani nyuma ya duka la baba yake.

“Sisi si bantu ya kugusanisha waya tena,” alisema. “Dunia inaenda, Kamina inabaki? Hapana!”

Akaweka mezani kisanduku kidogo cheusi na kitufe cha mfukoni. Kilikuwa king'ora cha pikipiki, kile cha kutisha wezi. Akabonyeza. Tuit-tuit! Wanachama wakapiga makofi. Nataka mwelewe jambo hili: mlio huo unasikika Kamina tangu asubuhi mpaka jua kuzama, kila wewa, yaani kila dereva wa pikipiki ya kubeba watu, anautoa anaposhuka kununua maji. Lakini ulipotoka mezani kwa Prezida, walishangaa kana kwamba ndege imetua.

“Telekomande,” alisema. “Unabonyeza, bim! Hakuna waya, hakuna kukimbia. Iko moderne.”

Mwanachama mmoja, ambaye anasoma chuo na hawezi kunywa chai bila kukwambia hivyo, alisimama. “Honorabule Prezida, minyi naona tutumie telefone. Mu video nimeona, bazungu banawasha na telefone.”

Telefone! Kwa mtandao wetu, ambao salamu uliyotuma asubuhi humfika mtu akiwa ameshakutembelea na kuondoka. Kichwani nilimwona yaya amepiga magoti kwenye fimbo, roketi inangoja, na ile amri imekwama hewani juu ya mji ikitafuta njia, halafu inafika wakati wowote inaopenda. Msomi alieleza kwa muda mrefu. Alitumia neno “aplikasyo” kama mtu anayetia chumvi kwenye chai.

Kisha yaya akasimama. Hakusema Honorabule.

“Minyi sijue mambo ya telefone,” alisema. “Naomba kintu kimoja tu. Wakati niko pale chini, ile kintu isiweze kuwaka. Sisemi muntu asiguse. Nasema isiweze.”

“Yaya, nani atagusa?” Prezida alicheka. “Telekomande iko mu mukono yangu minyi!”

“Na ukikohoa?”

Watu wakacheka, lakini walimcheka yaya, si Prezida.

“Nataka waya murefu,” yaya aliendelea, “na ufunguo. Ufunguo ukitoka, umeme haipite. Na ule ufunguo nitaenda nao minyi, hapa,” akagusa shingo yake. “Nikirudi njo tunauingiza.”

“Yaya anataka kufuli ya kibanda ya kuku!” mmoja alipaza sauti, na wote wakaanguka kwa kicheko, hata yule msomi ambaye telefone yake hakuna aliyeiunga mkono na ambaye angepaswa kuwa na huzuni.

Wakapiga kura. Mimi mbele ya watu ulimi wangu unakauka, lakini mkono niliuinua kwa ajili ya ufunguo, ukafika usawa wa bega. Prezida akanitazama.

“Weye unapiga kura ao unakuna kichwa?”

Wakacheka tena. Nikakuna kichwa. Telekomande ikashinda kwa sababu inalia na ina taa. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mama angemuuliza mtu anayemuuzia jiko: likitaka kuungua, nalizimaje?

Njiani nilimwambia yaya kila kitu ambacho sikukisema uani. Nilimwambia mtambo salama ni ule ambao kila kitu ndani yake kinasema hapana mpaka watu wote wamerudi nyuma. Ufunguo unasema hapana. Kitufe kinasema hapana mpaka ukibonyeze na kukishikilia, na ukikiachia kinarudi chenyewe. Betri inaungwa mwisho kabisa. Na waya uwe mrefu, kiasi kwamba ukitaka kumwambia kitu mtu aliye upande wa pili, upaze sauti. Ile telekomande inasema ndiyo kwa mtu yeyote aliyeshika kitufe.

“Ungesema vile pale,” alisema yaya.

“Yaya, unanijua.”

“Nakujua. Basi, batajaribu kwanza bila injini. Kiwashio tu, na bomba tupu. Bila vile sipige magoti.”

Alirudi palepale kumwambia Prezida. Naye akakubali mara moja, kwa sababu kujaribu ni kupata umati mwingine wa kumtazama.

Jumamosi alasiri tulikwenda kwenye uwanja tunaorushia roketi, ng'ambo ya njia ya reli, kando ya barabara inayoelekea sokoni. Habari ilikuwa imeenea, kwa kazi ya Prezida mwenyewe. Watu walijaa. Akahutubia. Alisema neno “teknolojia” huku anatazama fulana yake. Kisanduku cheusi kilikuwa kimefungwa kwenye kigingi karibu na fimbo, na betri alikuwa ameshaiunga tangu zamani, kabla hata yaya hajafika, ili taa zimetemete kwenye picha. Kitu ambacho kingepaswa kufanywa mwisho kilifanywa kwanza, kwa ajili ya picha. Na kiwashio alikuwa amekiunganisha na waya ule unaowasha taa za pembeni za pikipiki, zile zinazopepesa kila king'ora kikilia. Alisema ndio waya alioupata upesi.

Yaya akapiga magoti. Akashika kiwashio kwa kidole gumba na cha pili, akaanza kukiingiza kwenye bomba tupu.

Barabarani wewa mmoja aliona umati, akasimamisha pikipiki, akashuka, na kama afanyavyo kila wewa wa mji huu, akageuka nusu na kubonyeza kitufe chake bila hata kutazama.

Tuit-tuit! ililia pikipiki yake.

Tuit-tuit! kikajibu kisanduku cha Prezida.

Kiwashio kikawaka vidoleni mwa dada yangu.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akauweka mkono kinywani, akatembea kutoka pale bila kukimbia. Mimi ndiye niliyekimbia. Kidole gumba na cha pili, mkono wa kuume, ngozi ilikuwa imeshainuka nyeupe. Nikammwagia maji ya kunywa ya mtu, sikumbuki ya nani. Injini ingekuwa ndani ya bomba, uso wake ungekuwa pale.

Na Prezida? Mnafikiri alikuja kuutazama mkono?

“Sabotaji!” alipiga kelele, akimwendea wewa. “Nani amekutuma?”

“Kunituma wapi?” Wewa alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya manyoya katika joto lile. “Nafunga pikipiki yangu.”

“Umewasha roketi ya klabu!”

“Minyi?” Wewa akakitazama kitufe chake. Akabonyeza tena, kwa adabu kabisa, kama mtu anayebisha hodi. Tuit-tuit, pikipiki. Tuit-tuit, kisanduku. Umati ukalipuka kwa kicheko. Akabonyeza mara ya tatu. “Eh! Kumbe niko astronote!”

“Acha! Ile telekomande umeitoa wapi?”

“Kwa papa yako, Prezida. Mu katoni moja na hii yako. Bote tulinunua kwa papa yako.”

Kweli. Baba yake alikuwa ameleta shehena moja ya bei rahisi, kitufe cha kimoja kinaviamsha vyote, na kuvitawanya kwa nusu ya mawewa wa mji. Mtoto akachukua kimoja chao dukani na kukiita mtambo wa klabu. Msomi alijisogeza, akasema shida ni “frekansi”, akatikisa kichwa kwa uzito, akarudi nyuma. Huo ndio ulikuwa mchango wake.

Yaya alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono ndani ya sahani ya maji. “Ile telekomande yako,” alimwambia Prezida, “iko na bandugu mu muji muzima. Minyi sipigie magoti kintu ya vile.”

Siku zilizofuata hakuweza kushika sindano. Gauni za watu zilining'inia ukutani, na wenye gauni walikuja, wakautazama mkono, wakatazama pembeni. Mama aliuza mihogo ambayo tulikuwa tule wenyewe. Prezida hakuja kumwona. Alituma ujumbe kwamba klabu imechukua hatua: siku ya kurusha, mtu atapita barabarani na kuwaomba mawewa wote wasibonyeze. Kamina! Mji ambao ukitupa kokoto kutoka dirishani unagonga pikipiki. Ni rahisi zaidi kuwaomba kuku wasidonoe.

Mkono ulipopona, akaja mwenyewe, kwa sababu sasa alikuwa na shida. Wakubwa wa mkoa walikuwa wamekubali kuja kutazama roketi siku ya sikukuu ya uhuru, na alikuwa hana wa kuweka kiwashio.

“Yaya, tusahau yale,” alisema mlangoni. “Ni nchi inatutazama.”

Yaya hakuacha kushona. “Mudogo wangu ametengeneza ingine. Iko pale.”

Ilikuwa juu ya kabati. Tulikuwa tumeiunda pamoja: kisanduku cha mbao, tundu la ufunguo lililotoka kwenye pikipiki iliyokufa, kitufe cha kengele ya mlango kinachorudi chenyewe, taa ndogo nyekundu inayowaka ufunguo ukiingia, ili kila mtu ajue sasa kitu kiko hai. Na waya mrefu, umezungushwa kama mkia wa nyani. Hakuna kitu ndani yake cha kushangaza. Yeyote anayejua kengele ya mlango anaijua.

Prezida akaitazama kama anavyotazama viatu vya watu. “Na ufunguo nashika minyi?”

“Unakaa mu shingo yangu mpaka nirudi.”

“Yaya, mbele ya wakubwa! Prezida hana ufunguo, ufunguo uko mu shingo ya fundi wa kushona? Batasema nini?”

“Batasema fundi iko na vidole.”

Akakataa. Nawaapia, alikataa. Yaani aliona bora ahatarishe uso wa mtu kuliko aonekane dakika chache bila ufunguo mkononi. Yaya akageuza kitambaa, akakanyaga mashine. “Basi piga magoti weye.”

Siku ya sikukuu wakubwa walikaa chini ya hema, watoto wa shule walishika bendera, mawewa walijipanga barabarani wote, kila mmoja na kitufe chake mfukoni. Prezida aliuliza nani ataweka kiwashio. Msomi alisema goti linamuuma. Mwingine alisema suruali yake ni nyeupe. Wote hawa ndio waliopigia kura telekomande. Wote waliisifia. Hakuna hata mmoja aliyeisifia kwa magoti.

Basi Prezida akaenda mwenyewe. Safari hii injini ilikuwa ndani. Alikwenda akinyoosha shingo, akatupungia mkono, akapiga magoti. Alipoinama, mahali fulani nyuma ya umati, wewa mmoja alishuka kwenye pikipiki yake.

Tuit-tuit.

Haikuwa hata ya katoni ile. Kisanduku cheusi kilinyamaza kimya. Lakini Prezida aliruka kama aliyekalia kaa la moto, akaangusha fimbo, akaangukia mikono, akainuka na kukimbia kuelekea hema la wakubwa, vumbi kifuani mpaka neno la mgongoni. Watoto wa shule walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Alipopata pumzi alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama yaya: “Leteni ile ya waya.”

Tulikuwa tumekuja nayo ndani ya kikapu. Nikakiondoa kisanduku cheusi, nikautandaza waya. Betri niliiacha chini, haijaungwa. Yaya akauvaa ufunguo kwa uzi shingoni, akaenda polepole, akasimamisha fimbo, akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza sikuitazama mikono ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu hakuna mkono wowote pale ulioweza kufanya kitu. Akaweka kiwashio, akarudi. Nikaunga betri. Akatazama kushoto na kulia, akaingiza ufunguo, taa ikawa nyekundu, akampa Prezida kisanduku.

“Bonyeza, na ukamate mpaka iende.”

Ikaenda. Ilipanda ikapita miti ya kando ya reli, na mwavuli wa yaya ukafunguka, mweusi na mdogo. Niliiona yote, tangu mwanzo mpaka inatua.

Kisha Prezida akawaeleza wakubwa jinsi alivyofikiria kwa muda mrefu habari ya ufunguo. Wakampa mkono. Mmoja akauliza fundi wa miavuli ni nani, naye akasema, “Tuko na mama fulani.”

Sasa anataka ufunguo ukae kwake, ndani ya droo ya dukani. Anasema ni mali ya klabu. Tena anataka kuongeza kile kisanduku cheusi juu ya waya wetu, kwa ajili ya mlio, kwa sababu watu wameukosa. Mkutano umepangwa Jumapili ijayo baada ya misa, nami najua jinsi watakavyopiga kura: watapigia kura mlio. Yaya amesema ufunguo ukitoka shingoni mwake, hapigi magoti tena, na klabu itamtafuta mwingine wa kuinamisha uso pale.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaorusha roketi ndogo, popote mlipo, au mnaomjua anayerusha: niandikieni. Nielezeni kwenu mnatumia mtambo gani, na mtu akiwa amepiga magoti kwenye fimbo, ufunguo unakaa kwa nani. Andikeni hata mistari michache, na mseme wazi, maana sitaweza kusimama kuwaeleza. Nitampa yaya ayasome maneno yenu kwa sauti, mbele yao wote.